KLACHI INATELEZA, UNAAMBIWA INJINI IMEKUFA!

Katika magonjwa yote ya pikipiki za zamani, hakuna unaowatoa watu pesa bure kama ugonjwa wa klachi. Ukiingia, pikipiki inalia kwa sauti ya kutisha lakini haiendi. Mwenye mali anakimbilia kwa fundi. Fundi anapiga kiki mara mbili, anatikisa kichwa, anatema mate pembeni, halafu anatoa hukumu: “Injini imekufa hii, mzee.” Basi! Laki zinaanza kutoka mfukoni, pistoni mpya inanunuliwa, silinda inachongwa, na siku ya kuichukua pikipiki inalia vile vile na haiendi vile vile.

Msomaji wangu, leo nataka tuongee habari ya klachi kwa lugha ya kawaida, ili hata wewe ambaye hujawahi kushika spana ujue pa kuanzia. Mfano wangu utakuwa Honda CG 125. Kwa nini hiyo? Kwanza naijua. Pili, ni mkongwe anayeheshimika. Honda waliitoa mwaka 1976, wakaitengeneza makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Tatu, injini za pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria mijini na vijijini zimenakiliwa humo humo. Kwa hiyo hata kama wewe ni kijana wa bodaboda na huna habari na vitu vya kale, usifunge gazeti. Babu wa pikipiki yako ndiye huyu.

MSHENGA WA INJINI NA GIA

Klachi ni nini? Mimi huwaambia watu kuwa klachi ni mshenga. Injini ni bwana, gia ni bibi. Bwana huyu hatulii, muda wote anazunguka. Bibi naye hataki kushtuliwa. Mshenga anakaa katikati: ukiachia mkono wa klachi anawaunganisha, ukiubana anawatenga kwa muda ili ubadilishe gia bila ugomvi.

Sasa mshenga wetu ameumbwaje? Fungua kifuniko cha upande wa kulia wa injini ya CG utakuta kitu kama sufuria yenye mapengo ubavuni. Wengine huiita kikapu, wengine bakuli. Sufuria hiyo inazungushwa na injini. Ndani yake zimepangwa pleti za aina mbili kwa zamu, kama mkate na siagi: moja yenye vipande vya fiba vinavyokamata, inayofuata ya chuma kitupu. Za fiba zina meno ya nje yanayoingia kwenye mapengo ya sufuria, kwa hiyo zinafuata injini. Za chuma zina meno ya ndani, zinafuata gia. Springi nne zinazibana zote pamoja. Zikibanwa sawasawa, injini na gia vinakuwa kitu kimoja. Ukivuta mkono wa klachi, waya unasukuma kitako cha springi, pleti zinaachiana.

Yote haya yanaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Likumbuke sana hilo la oili, tutalirudia.

MAGONJWA YAKE NI MAWILI

Mshenga ana tabia mbili mbaya. Ama anashindwa kuwaunganisha wanandoa, ama anakataa kuwaachia. Hakuna la tatu, ukiacha kelele ambazo nitazisema mwishoni.

Ya kwanza ni klachi kuteleza. Dalili yake: unavuta mafuta, injini inapanda sauti, lakini mwendo hauongezeki. Huanza kidogo kidogo. Barabara ya tambarare hujui kitu, mlimani ukiwa na mzigo ndipo aibu inapotoka. Na si aibu tu jamani. Fikiria umetoka kulipita lori, uko katikati ya barabara, basi linakuja mbele yako, unavuta mafuta na pikipiki inapiga kelele tu bila kuongeza mwendo. Hapo hakuna tena mambo ya pesa, ni roho yako na ya uliyempakia.

Ya pili ni klachi kung'ang'ania. Umebana mkono mpaka mwisho lakini pikipiki bado inataka kwenda. Gia zinaingia kwa kishindo, “kraak!” Ukisimama, fri huipati hata kwa dawa. Hii nayo ina hatari yake: uko kwenye foleni, umebana klachi, pikipiki inajisogeza yenyewe mpaka kwenye matako ya daladala.

Sasa shika kanuni hii, ukiweza ikate uiweke kwenye pochi. Kama injini inalia juu na pikipiki haiendi, shuku klachi. Kama injini yenyewe hailii juu, imechoka, inakohoa na pikipiki haiendi, huko usiisingizie klachi. Tazama kabureta, plagi, chujio la hewa, au breki iliyojikaza kwenye gurudumu. Na kama unasikia mkupuo wa “tak! tak!” kutoka nyuma unapovuta mafuta, angalia cheni inayoruka meno ya sproketi. Kutenganisha mambo hayo hakukugharimu hata senti.

MJOMBA ALITAKA KUUZA CHUMA CHAKAVU

Mjomba wangu ni bwana shamba mstaafu, anaishi Soni, nusu ya njia kati ya Mombo na Lushoto. Wanaoijua barabara ile wanajua: kona juu ya kona, mlima huku, korongo kule. Yeye ana CG 125 aliyoitumia tangu enzi za utumishi. Sasa hivi ndiyo ajira yake. Msimu wa matunda anateremsha plamsi na mapeasi hadi Mombo kwenye mabasi, akirudi anapandisha unga na mafuta ya taa kwa ajili ya kigenge cha shangazi.

Nilipofika kumsalimia nilikuta pikipiki imeegemezwa ukutani imefunikwa gunia.

“Shikamoo mjomba. Mbona farasi amelazwa?”

“Marahaba mwanangu. Farasi amekufa. Fundi kasema anataka pistoni na silinda, shilingi laki tatu na nusu. Mimi nitazitoa wapi? Kuna bwana wa vyuma chakavu ananipa laki mbili, na hamsini ya kutangulia nimeshaipokea.”

Shangazi alikuwa jikoni lakini nilisikia anavyopekecha mwiko kwenye sufuria, mnajua wenyewe mwanamke akipekecha mwiko namna ile. Bila pikipiki, kigenge kinafungwa. Kukodi gari la kupandisha mzigo kunamaliza faida yote.

Nikamwuliza mjomba maswali kama daktari. Asubuhi ikiwa ya baridi inakwendaje? Akasema, “Inakwenda vizuri.” Inaanza wapi kukataa? “Nikiwa na mzigo, katikati ya mlima.” Injini inafanyaje? “Si inalia! Inalia kweli kweli, inaumwa.”

“Mjomba,” nikamwambia, “mgonjwa wa kufa hana sauti ya kupiga kelele namna hiyo. Hebu tuitoe nje.”

Tuliiwasha kwa kiki ya pili. Moshi wa bluu hakuna. Injini ikatulia, inapiga kama saa ya ukutani. Nikapanda mwenyewe, nikatafuta kipande kilichonyooka. Nikaingiza gia ya tatu mwendo wa wastani, nikavuta mafuta kwa ghafla. Sauti ikapanda juu, mwendo ukabaki pale pale. Nikaachia mafuta, sauti ikashuka, pikipiki ikashika tena. Nikarudia mara moja tu, maana kurudia rudia ni kuzichoma pleti. Nilipogeuza kurudi nyumbani nilikuwa nimeshapata jibu: injini nzima, mshenga mgonjwa.

ANZIA MKONONI

Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka wanapokosea. Wanakimbilia kufungua. Wewe anza na kitu cha bure: mkono wenyewe wa klachi.

Ubane polepole kwa kidole. Lazima kuwe na ulegevu kidogo kabla hujasikia springi zinaanza kubisha. Kwa Honda hizi, ncha ya mkono inatakiwa icheze sentimita moja hadi mbili. Ulegevu ukikosekana kabisa, maana yake waya unazivuta pleti hata pale ambapo hujashika kitu, na zitateleza. Ulegevu ukizidi, unabana mpaka mwisho lakini waya haujavuta vya kutosha, na klachi itang'ang'ania. Umeona? Magonjwa yote mawili yanaweza kutokana na nati moja.

Mkono wa klachi ya mjomba haukuwa na ulegevu hata wa unyoya. Kumbe alilalamika kuwa umelegea, fundi akaukaza “ili ushike vizuri”. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza kunyonyeshwa.

Pa kurekebishia ni pawili: juu kwenye usukani, na chini karibu na injini. Marekebisho madogo fanya juu. Kama ya juu yamefika mwisho, yarudishe ndani kisha rekebisha ya chini. Ukimaliza, pindisha usukani kulia na kushoto huku ukitazama ulegevu. Ukipotea upande mmoja, waya umepita vibaya au umebanwa mahali.

Halafu kagua waya wenyewe. Chomoa ncha zote mbili, uvute huku na huku. Ukikwama kwama, una kutu au nyuzi zimeanza kukatika ndani. Tia oili ikikubali, nyuzi zikiwa zimekatika nunua mpya. Waya unaokwama hautaki kurudi, na usiporudi klachi inateleza kana kwamba pleti zimekwisha.

Pikipiki zisizo na mkono wa klachi, zile Honda 50, 70 na 90 za mapadri na walimu wakuu, zina skrubu na nati kwenye kifuniko cha kulia. Unalegeza nati, unazungusha skrubu kama mzunguko mmoja kwa upande wa saa, kisha unairudisha kinyume mpaka uhisi imegusa, halafu unaigeuza tena upande wa saa kwa thumuni ya mzunguko. Ishikilie hapo hapo kwa bisibisi, kaza nati. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

OILI YA GARI NI SUMU TAMU

Tuliporudisha ulegevu, pikipiki ilipata nafuu. Lakini tulipopakia gunia la viazi tukajaribu kilima cha nyuma ya nyumba, ikateleza tena. Nikauliza, “Oili gani hii?” Mjomba akaenda ndani akarudi na dumu lenye picha ya gari dogo la kifahari. Ya bei mbaya kweli kweli. Alipewa zawadi na mkwewe.

Zawadi ile ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Oili nyingi za kisasa za magari zina dawa za kupunguza msuguano, ili gari litumie petroli kidogo. Ni jambo jema kwenye gari, kwa sababu klachi ya gari ni kavu, haiguswi na oili ya injini. Klachi ya pikipiki inaoga humo humo. Ukiitia dawa ya utelezi, unategemea nini? Tafuta chombo chenye herufi JASO MA, hiyo ndiyo alama ya oili inayokubaliana na klachi ya ndani ya oili. JASO MB haifai kwa kazi hiyo. Na ukiona maneno “Energy Conserving” au “Resource Conserving”, mwachie mwenye gari.

Usijaze kupita alama pia. Oili ikizidi, au ikiwa nzito na chakavu, pleti zinagandana hasa asubuhi ya baridi, na klachi inang'ang'ania.

SASA TUFUNGUE

Ukishamaliza ya bure ndipo unagusa spana. Mwaga oili. Toa mkono wa kiki na vinavyozuia, kisha bolti za kifuniko cha kulia. Hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, chomeka kila bolti mahali pake. Ukizichanganya, siku ya kufunga utapasua alminiamu. Bolti nne za springi zilegeze kidogo kidogo kwa kukatiza msalaba, usimalize moja ndipo uanze nyingine. Toa pleti moja moja, zipange mezani kwa mpangilio wake.

Tazama mambo haya:

Pleti za fiba. Zinuse kwanza. Zikinuka moto, zimeshaungua. Zipime unene kwa kalipa, usikadirie kwa macho, maana tofauti kati ya mpya na iliyokwisha ni sehemu chache tu za milimita moja. Kitabu cha pikipiki yako kinataja kikomo chake.

Pleti za chuma. Zikiwa na rangi ya bluu, zimepata joto kupita kiasi. Zilaze juu ya kioo kinene, jaribu kupitisha ukanda wa kupimia wa milimita 0.2 chini yake. Ukipita, pleti imepinda, na pleti iliyopinda huteleza na kung'ang'ania kwa wakati mmoja.

Springi. Simamisha ya zamani kando ya mpya. Ikiwa fupi, imechoka. Badilisha zote nne, si moja.

Sufuria. Pitisha kidole kwenye mapengo yake. Meno ya pleti yakichimba vishimo, pleti zinanasa humo na klachi haiachii. Vishimo vidogo vinasawazishwa kwa tupa laini. Vikubwa, tafuta sufuria nyingine.

Tulikuta pleti za fiba za mjomba zimeungua na mbili za chuma ni za bluu. Springi zilikuwa fupi. Kwa vile tulishafungua, tukasafisha na kichujio kinachozunguka jirani na klachi, maana unga wa fiba hukimbilia huko. Spea tulizifuata Mombo. Muuzaji alituonyesha seti ya bei chee, fiba yake ukiikwaruza kwa ukucha inamomonyoka. Tukamrudishia. Feki ni feki, hata ikiwa kwenye boksi zuri.

Pleti mpya za fiba usizifunge zikiwa kavu, zitaungua siku ya kwanza. Zilowekwe kwenye oili safi usiku kucha. Mjomba alizilowesha kwenye bakuli la shangazi la maandazi, na vita iliyofuata siwezi kuiandika gazetini.

ILIYOLALA MUDA MREFU

Kama pikipiki imelala miezi au miaka, pleti hugandana kama chapati zilizopoa. Unaingiza gia, inaruka na wewe. Usiiwashe ikiwa kwenye gia. Iwashe ikiwa fri, ipate moto, uizime. Weka gia ya pili, bana klachi, isukume mbele na nyuma kwa nguvu mpaka usikie zimeachiana. Zikikataa kabisa, fungua.

Wenye BSA na Triumph za Mwingereza wana desturi nzuri: kabla ya kuwasha, wanabana klachi na kupiga kiki mara mbili tatu ili kuzitenganisha pleti. Huko kiki inapita kwenye klachi yenyewe, kwa hiyo kiki ikiteleza bila kuzungusha injini, ujue klachi ndiyo inayoteleza.

Na kelele nilizoahidi? Ikigonga gonga ukiwa umeachia mkono, ikanyamaza ukibana, shuku sufuria iliyolegea. Ikilia pale tu unapobana, shuku bearingi ya kusukumia.

HESABU YA MWISHO

Spea zote za mjomba pamoja na oili sahihi hazikufika robo ya ile laki tatu na nusu. Bwana wa vyuma chakavu alikuja na mkokoteni wake, akarudishiwa hamsini yake pamoja na soda moja ya baridi. Hakufurahi, lakini soda aliinywa. Keshokutwa yake mjomba alipanda kutoka Mombo na unga nyuma, gia ya pili, bila kuteleza.

Basi msomaji, utaratibu ni huu: sikiliza kwanza, kisha ulegevu, kisha waya, kisha oili, na spana iwe ya mwisho. Fundi mzuri hatachukia ukimwuliza ameanzia wapi. Akichukia, chukua pikipiki yako uisukume taratibu mpaka kwa mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini usikubali kuuziwa ukuta wakati una ufa wa nati moja.

Tukutane wiki ijayo.